Kapu la Kofia na Mitandio

Muskati

Kwa kaka yangu mpendwa, Maalim Ramadhani,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Kwanza niambie goti lako linaendeleaje, maana nimesikia sasa unasali ukiwa umekaa kwenye kiti, na najua unavyoona haya. Wifi Zaituni je, kifua kimemwachia? Dagaa wanapatikana mwaloni Katonga? Mimi ni mzima, alhamdulillah, ila joto la huku linakufuata hata kivulini.

Barua hii anakuletea Mama Saidi, jirani yangu anayekuja likizo Ujiji. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na nikikatizwa nasahau nilichotaka kusema. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Ni habari ya yule mtoto, Hadija. Tangu uliponiambia umemzuia asije tena madrasa, sijatulia. Ulisema mapunye yameenea kwa wanafunzi, na wazazi wa Buzebazeba wamekuja juu kwamba yameletwa na huyo binti wa Kirundi kwa kuwa kichwa chake ndicho kilichoharibika kuliko vyote. Ama aondoke yeye, ama wawatoe watoto wao. Nakuelewa, kaka. Baba alikuachia madrasa hiyo mkononi, na ikifungwa utaumwa zaidi ya goti. Lakini sikia niliyoyapata kazini.

Unajua mimi naosha vyombo vya vioo kwenye maabara ya chuo kikuu. Profesa wetu, Bi Thuwaiba, kazi yake ni kuchunguza fangasi wanaoleta magonjwa kwa watu. Wazee wake waliishi Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili chake ni kama cha kwetu, na hachoki kunitania kwamba watu wa Ujiji bila mawese hatujui kupika. Asubuhi moja alinikuta nasugua chupa ileile, nasugua tu.

"Bi Mwamvua, hiyo chupa imekukosea nini?"

Nikamsimulia. Sikutegemea angesikiliza, ana mambo mengi. Akaniuliza, "Nani kasema mtoto huyo ndiye aliyeleta?"

"Watu wote. Kichwa chake ndicho kibaya zaidi."

"Watu wote," akasema. "Haya, njoo."

Akanionyesha kisahani kilichofunikwa. Ndani mlikuwa na kitu cheupe chenye manyoya laini kama kifaranga. Akasema, "Fangasi huyu tumemtoa kwenye kichwa cha mtoto kisicho na hata doa. Mama wa mtoto aligombana na mimi, anasema mwanawe ni msafi. Na kweli ni msafi. Lakini ugonjwa anao, na akimwazima mwenzake kofia anamwambukiza."

Nikamuuliza inawezekanaje mmoja awe hana kitu na mwingine atoke usaha. Akanieleza taratibu, na mimi nakueleza nilivyoelewa. Fangasi hana mdomo wala meno. Anachofanya ni kutoa protini zake, zinameng'enya unywele hukohuko nje, kisha yeye anafyonza kilicholainika. Sasa miili yetu haifanani. Mwili wa mtoto mmoja unapambana naye mpaka kichwa kinavimba, wa mwingine unakaa kimya kama haumwoni. Kwa hiyo aliyeharibika zaidi huenda ndiye aliyeambukizwa na wenzake. Profesa anatafuta ni protini ipi hasa ikizuiwa fangasi atakufa njaa. Nikamwambia Mungu amfungulie, akaitikia amin.

Halafu akaniuliza, "Hao watoto wanachangia nini cha kichwani?"

Hapo nikakumbuka, kaka. Nikaliona akilini kapu la mama yetu pale mlangoni pa madrasa, na kofia na mitandio yake. Mtoto akija kichwa wazi anachukua, akitoka anarudisha, kesho anavaa mwingine. Nikamweleza.

"Na hufuliwa lini?"

"Mwezi wa Ramadhani ukikaribia."

Profesa mzima akajishika kichwa. "Subhanallah, Bi Mwamvua."

Nilicheka, halafu nikaenda chooni nikalia, nakwambia wewe tu. Mama aliweka lile kapu ili asiwepo mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa kukosa cha kujifunika. Na Hadija, wewe mwenyewe ulinisimulia mama yake anavyohangaika kuuza mihogo ya kuchemsha, mtandio wake hana. Kila siku alikuwa akichukua kapuni. Amechukua ugonjwa kwetu, kaka, na sisi ndio tuliomfukuza.

Vitu vyote vya kapuni vichemshwe, vianikwe juani. Mama Saidi amebeba kitambaa cha pamba, naomba wifi ashone ili kila mtoto awe na chake na asimwazime mtu. Wanafunzi wote wapelekwe zahanati, hata wenye vichwa safi. Dawa atatoa daktari. Profesa anasema mara nyingi ni vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, ya kupaka peke yake haitoshi. Na mafuta ya taa wasipakwe, yanawaunguza bure.

Hayo ni mepesi. Gumu ni kwenda kwa mama yake Hadija. Usimtume mtu, nenda wewe uliyemwambia asimlete. Halafu waite wazazi, uwaambie mbele yake kwamba hatujui nani alileta ugonjwa, na Hadija anarudi. Najua unaogopa watasema Maalim amegeuka. Waambie ni dada yako wa Muskati aliyekusumbua. Wanilaumu mimi, niko mbali. Wakiondoka wachache, waache waondoke. Mimi naona afadhali madrasa ipungue kuliko mtoto yule akue akijua alifukuzwa mahali pa Qur'ani kwa kosa lisilo lake.

Nisalimie sana wifi Zaituni kwa Kiha, mwambie mwakeye, na asinikasirikie kwa kumpa kazi ya cherehani. Msalimie mdogo wetu Sudi akishuka kutoka Kalinzi, kahawa yake niliipata, na profesa ameinywa kuliko mimi. Shangazi nambusu mikono, naomba dua zake.

Nimekuombea katika kila sala, na sijakasirika nawe hata kidogo. Naomba unijibu mapema, kaka, uniambie kama Hadija amerudi.

Dada yako akupendaye,
Mwamvua