Mahindi Yameota Njiani, Mke Wangu Hajui

Mshauri wangu, nakuomba uniokoe kabla sijapasuka kwa kucheka au kwa kulia, maana sijui kipi kitatangulia. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina mke na shamba dogo nyuma ya nyumba, na mwaka huu nimeifufua planta ya marehemu baba mkwe, mashine ya kupandia mahindi inayovutwa na trekta, ile ya mistari miwili ambayo kuku walishaigeuza pa kutagia. Fremu nimeichomelea, mnyororo nimebadilisha, sahani za kudondoshea mbegu nimezisugua mpaka nikajiona sura, na kwa jinsi nilivyokuwa naipapasa, mke wangu akaanza kuiita mke mwenzake, akaniambia bila kuuma maneno, "Baba watoto, huyu bibi asipopanda shamba zima msimu huu, anaondoka na mtu wa vyuma chakavu. Humu ndani hatuenei wawili."

Basi siku ya kupanda nikaazima trekta la shemeji, nikajaza masanduku ya mbegu, na Mshauri, furaha ikanipanda kichwani! Planta hunyanyuliwa mpaka ifike shambani, hilo nalijua vizuri, lakini nikaona haiwezekani nipite majirani wasione mnyororo wangu unavyozunguka, na njia yenyewe mvua ilishailainisha, kwa hiyo nikaishusha tangu mlangoni mwa karakana, ikawa inalia kra-kra-kra nami napunga mkono kama bwana harusi, nikaingia shambani naimba na sikugeuka nyuma hata mara moja.

Sasa nusu ya shamba imeota na nusu ni tupu kabisa, kwa sababu mbegu ziliisha, na mke wangu anasema mtu wa vyuma anakuja Jumamosi. Lakini njiani, Mshauri! Mistari miwili imenyooka tangu karakana, imepita chini ya kamba ya kuanikia nguo, imepinda kwa adabu pale bombani, nafasi sawasawa shina kwa shina, sijaona mahindi mazuri namna ile tangu nizaliwe. Nimeyafunika kwa nyasi kavu nisichekwe, kila asubuhi nachungulia na kucheka peke yangu kama mwehu. Tena yana maajabu, jua limewaka juma zima na ya shambani yamesinyaa, lakini haya udongo wake una unyevu na magugu hayaonekani, nadhani ni kuku wanasaidia. Nikisema ukweli nitaitwa mkulima wa barabara mpaka nazikwa, nikinyamaza planta yangu inakwenda kuyeyushwa. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Aibu

Fundi, kaka yangu, barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini na mhariri amemwaga chai. Pole sana. Na hongera, maana mashine yako inafanya kazi kuliko akili yako.

Sasa kaa nikuseme. Kuku gani huyo anayeng'oa magugu na kuacha mahindi machanga? Na kuku huyohuyo anabeba maji? Ni nani hapo kwako anayepita njia hiyo kila siku akitoka bombani na ndoo, akaanika nguo kwenye kamba hiyohiyo? Unafunika mahindi kwa nyasi, mwenzako anafunua, anamwagilia, anapalilia, halafu anakufunikia tena usione haya. Planta ni ya baba yake mzazi, bwana! Huyo mtu wa vyuma umewahi kumwona kwa macho yako? Mimi naona hayupo. Mkeo anataka useme mwenyewe, basi.

Kwa hiyo leo, kabla hujaoga, ondoa nyasi zote. Mshike mkono umtembeze tangu karakana, umweleze ulivyopunga mkono, na akianza kucheka usimkatize. Kisha azima trekta tena, nusu iliyobaki mpande wote wawili: yeye aendeshe, wewe ufuate nyuma ukiangalia mbegu, macho kwenye masanduku na mdomo umefungwa. Planta inyanyuliwe mpaka shambani, umenisikia?

Na ya njiani msiyang'oe, majirani watazunguka. Hindi la kwanza kukomaa umpelekee yeye kwa mikono miwili, maana amelitunza muda wote huo huku wewe ukiwasifu kuku.