Dhahabu Aliyoiuza Kama Dagaa

Ujiji, Jumapili jioni

Baba yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje siku hizi? Na mama, presha yake imetulia? Mimi mwili hauumwi popote, ila kukaa siwezi. Nimeianza barua hii, nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi. Usishangae nikikuandikia kwa mkono kama enzi zenu. Simu yangu iko polisi, pamoja na simu zote za ofisini kwa Mzee Hamadi, na nataka habari hii uisikie kwangu kabla rafiki yako hajakutafuta.

Unajua mwenyewe Mzee alivyoanza. Mlipokaa naye chumba kimoja, wewe ukifanya kazi relini, yeye kwenye mwalo wa Katonga, alikuwa akiuza dagaa. Wakati wa mbalamwezi, mitumbwi haiendi na dagaa ni adimu, anakubaliana na wanunuzi bei ya dagaa atakaowaletea baadaye. Siku za giza zikiingia dagaa wanamwagika, bei inaanguka, yeye analipwa ile ile waliyopatana. Basi alipoingia kwenye dhahabu akafanya hivyo hivyo. Alimpigia tajiri mmoja wa Dar es Salaam, mimi niko pale namimina chai, wakafunga bei ya dhahabu ambayo alikuwa bado hajainunua. Tajiri akatuma malipo ya awali. Mzee akaniambia, "Salome, bei ianguke itakavyo, sisi tunalala usingizi wetu."

Haikuanguka. Dhahabu haina giza wala mbalamwezi, Baba, ilipanda wiki hadi wiki. Wachimbaji wadogo wakakataa kuuza kwa bei ya zamani, wakasema anayetaka alipe ya leo. Mzee akawa ananunua ghali ili auze rahisi, na mimi ndiye niliyewapelekea fedha mkononi, mpaka malipo ya yule tajiri yakaisha na mzigo haujafika hata nusu. Alikonda kwa mawazo. Nilimhurumia kweli.

Tajiri alipotishia kuja, Mzee akaenda polisi akasema wadukuzi wameingia kwenye simu yake, wamekomba pesa zote.

Hapo serikali ikashuka. Miezi hii watu wengi wamelizwa na matapeli wa mtandao, kwa hiyo wakubwa walikuwa na hasira tayari. Wakaja maofisa kutoka Dodoma na kompyuta zao. Gari la matangazo likazunguka mitaa yote, Buzebazeba mpaka Katubuka: kila mtu akahakiki laini yake kwa alama za vidole, isiyohakikiwa itafungwa. Wasio na vitambulisho wakazolewa. Kisha wakamuuliza Mzee nani aliwahi kuishika simu yake, akamtaja Nestori.

Nestori ni fundi simu, Mrundi, mkimbizi aliyetoka kambini kwa kibali ambacho muda wake umekwisha. Alimbadilishia Mzee kioo, basi. Kila asubuhi alikuwa akipita ananiambia "amahoro", salamu ya kwao, mimi namjibu "mwakeye", salamu ya asubuhi ya Waha, kumtania, naye anacheka. Sasa yuko mahabusu, na wanasema atavushwa mpaka, arudishwe kwao, alikokimbia baada ya kaka zake kuuawa. Mkewe anashinda nje ya kituo na bakuli la ugali na samaki wa mgebuka, hakuna anayelipokea.

Nilimfuata Mzee barazani, nikamwambia, "Mzee, wewe unajua pesa zilikokwenda. Na mimi najua."

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Alisema taratibu, "Mwanangu, yule si wa hapa. Akirudi kwao atapata pa kuishi. Mimi nikisema, nyumba hii inauzwa kulipa deni, na mke wangu Mama Zaina atalala wapi uzeeni?"

"Na mke wa Nestori?"

"Umekula kwangu tangu ushuke kwenye treni, Salome."

"Nimekula, Mzee. Nashukuru."

Juzi nilikwenda kituoni, nikaeleza yote: ile simu ya kufunga bei, na pesa nilizozipeleka mwenyewe kwa wachimbaji. Ofisa hakupenda. Akaniuliza, "Dada, una uhakika? Taarifa imeshapanda juu kwamba mdukuzi amekamatwa." Nikamwambia taarifa na ishuke. Akasema wale wa Dodoma wanarudi wiki ijayo, niyaseme hayo mbele yao na mbele ya Mzee, ndipo nitie sahihi maelezo yangu. Nikirudi nyuma, Nestori anapakiwa kwenye gari la mpakani.

Kazi najua imekwisha. Mama Zaina bado ananiletea chakula, lakini anakiweka mlangoni na kuondoka kabla sijafungua, na hilo linaniuma kuliko yote. Sili, natembea tu humu chumbani.

Barua hii nampa mhudumu wa treni ya kesho. Mpe mama shikamoo yangu, na bibi aliyenilea. Mdogo wangu wa bodaboda mwambie avae kofia ngumu, asinitie wasiwasi mwingine. Shangazi wa kwaya aniombee, tena kwa sauti.

Baba, Mzee ameniambia atakupigia ili unikanye. Ninyi mmekula sahani moja, najua itakuwa vigumu. Pokea simu yake, mpe pole, hata mkilia pamoja mlie. Ila usimpe neno la kuniletea. Tangu nizaliwe sijawahi kukukatalia jambo, na ukiniagiza ninyamaze, nitakukatalia.

Ni mimi mwanao,
Salome