Ripoti Yangu Iliyopulizwa na Feni

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatatu, maana nimejichimbia shimo kwa mikono yangu mwenyewe. Niko maabara ya kiwanda cha ekseli, vile vyuma vinavyobeba magurudumu ya malori, kazi yangu ni kutazama chembe za chuma kwa hadubini, zikiwa ndogo na zimeshikana vizuri chuma huwa kigumu, basi nikapewa vipande nivipashe moto, nusu nivikandamize kwa mashine, nusu nisivikandamize, kisha vyote vipoe polepole kwenye hewa iliyotulia, nami, msomi mzima ninayesahihisha hata matangazo ya chooni, nikavipanga vile vilivyokandamizwa mezani kwangu, vingine nikaviacha kwenye meza ya mbali, na kwa kuwa joto la tanuru lilikuwa linaniyeyusha, nikawasha feni.

Vikatoka vigumu ajabu! Nikaandika kurasa kumi na mbili kuisifu mashine, bosi akasema, "Binti, umetuokoa," akaamua ekseli zipunguzwe unene kwa kuwa chuma sasa ni kigumu zaidi, nami nikaenda nyumbani nikijiona profesa, nikamweleza mama mpaka akasinzia.

Juzi feni iliharibika, nikarudia jaribio, vipande vikatoka vya kawaida tu. Fundi wa tanuru akacheka: "Dada msomi, kwani siku ile ulikuwa unapoza chai?" Hapo ndipo nikaelewa: mashine ilisaidia kidogo tu, ugumu mwingi uliletwa na kupoa haraka kwa upepo wa feni. Jumatatu wanaanza kutengeneza ekseli nyembamba. Nikisema, nitakuwa kichekesho cha kiwanda. Nikinyamaza, nitakuwa mwongo. Je, niandike ripoti ya pili, ya kitaalamu, bila kutaja feni?

Msomi wa Feni

*

Mdogo wangu,

Nimecheka, pole. Halafu nikamfikiria dereva mwenye mzigo kwenye mteremko, ekseli nyembamba imevunjika, kicheko kikakatika. Wewe unaogopa jina la utani, mwenzako anaweza kupoteza miguu!

Feni nakusamehe, kila anayefanya kazi karibu na moto hutafuta upepo. Huu ukimya wa tangu juzi sikusamehei. Na hiyo ripoti "ya kitaalamu" ni uongo uliovalishwa koti la maabara. Usinichoshe.

Mpigie bosi leo hii. Mwambie ekseli zisipunguzwe unene, vipimo vina kosa, ulivipoza kwa feni. Mihadhara ya chembe mwekee mama. Kisha urudie jaribio pamoja na huyo fundi, vipande vyote meza moja. Bosi akifoka, msikilize amalize. Lakini usikate simu mpaka aseme kwa kinywa chake kwamba kazi ya Jumatatu imesimamishwa.