Vigingi vya Mtaro Wangu

Chumba cha nyuma, kwa fundi viatu
Jumapili, tarehe 9

Dada yangu mpendwa,

Wifi yako amekufa. Alhamisi, presha. Ijumaa tumezika.

Salamu ndiyo zinakuja sasa. Hujambo? Magoti yako je? Mimi mzima, nakula.

Dada, nina wivu, na sina wa kumwambia ila wewe. Unajua wifi yako alikuwa anafagia maabara. Pale kuna daktari mmoja mvaa miwani, anachunguza mishipa ya fahamu ya vifaranga wakiwa bado ndani ya yai. Kila akirudi: daktari kasema hivi, daktari kasema vile. Eti mshipa ukikua, ncha yake inapapasa njia. Eti njiani kuna protini, nyingine zinauita, nyingine zinaufukuza, mpaka ufike unapotakiwa.

Jioni moja mimi nimetoka kuchimba, mgongo unawaka. Nikamwambia, "Kaolewe na huyo daktari wako basi."

Akacheka. "Halafu wewe nani akukande mgongo?"

Lakini kesho yake hakusimulia. Mwaka mzima hakusimulia tena.

Daktari alikuja mazikoni. Akalia kuliko mimi mwenye mke. Nikamfuata, ngumi nimekunja. "Wewe unamlilia kama nani?"

Akafuta miwani. "Wewe ndiye wa vigingi?"

"Vigingi gani?"

Kumbe siku moja wanafunzi wake walikuwa hawaelewi somo. Wifi yako akaegemeza ufagio, akawaambia: mume wangu anachimba mitaro ya mabomba. Kigingi cheupe, njoo huku. Chekundu, chini kuna umeme, kaa mbali. Na kabla hajapiga sululu anapiga magoti, anapapasa udongo kwa mkono. Huo mshipa wenu si ndivyo unavyofanya? Daktari anasema tangu siku hiyo anafundisha hivyo hivyo.

Chakula aliniletea mtaroni mara mbili tu, dada. Nilidhani anangoja bakuli. Kumbe ananitazama mkono.

Wivu haujaisha. Umezidi. Yale maneno yule mtu ameyasikia kutoka mdomoni mwa mke wangu. Yalikuwa yangu. Na mdomo huo niliufunga mimi mwenyewe.

Msalimie shemeji, mwambie kofia yake ninayo. Msalimie na Kibonge wenu, kama bado anaitikia jina hilo. Mungu akutunzie magoti na wote wa humo ndani.

Mdogo wako, ambaye sasa amebaki na wewe tu. Kesho narudi kazini.