Filimbi ya Siku ya Nne

Mpwa wangu, daktari wa meno,

Mjomba wako nimepasuliwa taya la juu na sikukunja uso. Aliyetokwa jasho ni daktari! Alifungua kidirisha juu ya fizi, akainua utando unaotenga kinywa na pua, mwembamba kama ngozi ya ndani ya yai, akajaza unga wa mfupa ili baadaye nipandikizwe meno. Akasema, "Mzee, wiki tatu usipenge kamasi wala kupuliza chochote."

Siku ya nne nilichezesha fainali. Refa mzima ulitaka nipige makofi badala ya filimbi?

Sasa chai nikinywa inatokea puani. Mke wangu hajui. Nakunywa nimempa mgongo. Kliniki nimekwenda mara mbili, nikaishia mlangoni. Kwako sioni haya. Nifanyeje, mwanangu?

Mjombako, refa