Siku Uliyopiga Ringi Mvuani

Mpendwa baba,

Shikamoo. Watu wa hapa Ifakara wakikumbuka habari za shule yetu humtaja mama, na wana haki, maana mama ndiye aliyekuwa na maneno. Wewe ulikuwa mtu wa migono yako ya kunasia samaki mtoni na kimya chako. Lakini mimi nilikuwepo, na leo nataka kukusifu wewe, ingawa najua ungeinuka na kusema unakwenda kutazama mtego mara tu nikianza.

Unakumbuka kule dunguni shambani, tulipolinda mpunga? Homa ilikuwa imenichukulia masikio yote mawili nikiwa nimeshajua kuongea, na majirani wakasema mtoto kiziwi hafai hata kuamia ndege. Hukubishana nao. Ulinifunga kamba mkononi, ukaivuta hadi mwisho wa shamba ulikokaa wewe. Ukivuta mara moja, ndege wameshuka kwenye mpunga. Mara mbili, njoo tule. Siku nyingine ulivuta bila sababu, nikageuka, nikakuona unacheka peke yako. Nilikupenda sana siku zile, baba.

Halafu mwalimu mkuu akaja nyumbani. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, shule imeezekwa mabati mapya, na kila mtu anajivunia. Alivuka gogo la mto Lumemo ameshika viatu mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Masika yaliyotangulia mto ulikuwa umemchukua Beno, mtoto wa darasa letu, na tangu hapo mwalimu alikuwa halali vizuri. Mvua ikinyesha milimani, Lumemo hujaa ghafla, kwa hiyo palitundikwa ringi ya lori uwanjani pa shule. Ikipigwa, sisi wa ng'ambo tutoke tuvuke kabla gogo halijafunikwa. Beno alichelewa kutoka. Mwalimu aliwaambia watu wote kwamba ringi ilipigwa ila mtoto alikaidi, na mama yake Beno akaacha kwenda hata sokoni kwa aibu.

"Baba Tekla," mwalimu alikwambia, "mtoto wako ana akili, sikatai. Lakini ringi haisikii. Mto ukimchukua, nitawajibu nini? Akae nyumbani, kwa usalama wake."

Maneno haya mama alinisimulia baadaye kwa hasira, nami nikimsoma midomo. Na jibu lake alilirudia kwa raha zaidi: "Kwa hiyo mto ubaki, mtoto aondoke?"

Mimi nililia. Nilikuwa nimeshajua kusoma, na kitabu changu kilikuwa bado hakijafika nusu.

Mama akapita shamba kwa shamba akiwaita wazazi kikaoni darasani. Alichagua alasiri ya mawingu mazito, na watu wakamwona hana akili. Kumbe alikuwa amewahi kupeleka maharage shuleni siku ya mvua, akamkuta mwalimu anafundisha kwa chaki tu, sauti yake imemezwa na kishindo cha mvua kwenye yale mabati. Hakumwambia mtu. Wewe alikuagiza jambo moja tu: mvua ikikolea, toka ukapige ringi mpaka watu waje. Hukuuliza kwa nini. Nadhani ulishazoea.

Mvua ilikolea wakati mwalimu mkuu anaeleza tofauti yangu na watoto wanaosikia. Ukatoka. Mimi nilikaa dirishani, nikakuona umelowa chapachapa, umeshika nyundo kwa mikono miwili, unapiga kama mtu anayegombana na ile ringi. Nikageuka kutazama watu. Hakuna aliyeinua kichwa. Baba Paulo alikuwa anasinzia. Chumba kizima cha watu wenye masikio, na ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ringi inapigwa.

Ulipoingia, maji yakikutiririka, ulikuwa umekasirika kwelikweli.

"Nimepiga mpaka mkono umekufa ganzi, na nyie mmekaa tu! Mnanidharau kwa kuwa mimi mvuvi?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama alicheka kuliko wote. Kisha mama yake Beno akasimama, na kicheko kikakatika. Hakupaza sauti, nadhani, maana watu waliinama mbele ili wamsikie. Mimi niliyasoma maneno yake midomoni vizuri.

"Basi Beno wangu hakukaidi. Hakusikia."

Mwalimu mkuu alivua miwani. Alikwenda mpaka pale aliposimama mama huyo, akamwinamia, akasema, "Hakusikia, mama. Nilimsingizia mtoto wako. Nisamehe."

Baada ya hapo hakukuwa na ubishi tena. Wazazi walisokota kamba ya katani, wakaipitisha juu ya nguzo kutoka kwenye migono yako hadi darasani, ili uivute maji yakianza kupanda. Gogo likawekewa mkono wa kushikia. Na mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyesema mwisho wa kamba ufungwe kwenye dawati la Tekla, kwa kuwa darasani hakuna mwingine aliyezoea kusikia kwa kamba. Aliniketisha mbele na akaahidi kwamba akiongea atatugeuzia uso. Mara nyingi alisahau, nami nilimkumbusha kwa kugonga dawati.

Kisha Lumemo ukajaa. Dawati lilinitikisa paja, mvua inapiga mabati, nikasimama na kupaza sauti yangu ile ambayo wenzangu walikuwa wakiiigiza na kuicheka: "Maji!" Siku hiyo hakucheka mtu. Tulikukuta umesimama mtoni, maji yamefika kiunoni, unamgusa kila mtoto kichwani anapopita, na mimi ukanigusa mara mbili. Ng'ambo alikuwapo mama yake Beno, anatupokea mmoja mmoja. Tulivuka wote.

Baba, sasa nina mjukuu, anaitwa Lusia. Ana akili kali na miguu dhaifu, anatembelea magongo. Shuleni wamemwambia akae nyumbani kwa sababu choo kiko mbali na njia inateleza. Kwa usalama wake, wamesema. Niliposoma maneno hayo midomoni mwao nilikaribia kucheka, maana nilijua pa kuanzia.

Nimewaita wazazi wenzangu, na wanakuja. Kikao hatutakifanyia ofisini. Nimeomba tutembee wote kutoka darasani mpaka chooni na kurudi, mwalimu mkuu wa shule yake na kamati yake na viatu vyao vizuri, Lusia akituongoza. Mama angeichagua siku yenyewe vizuri zaidi, lakini nimejitahidi: ni katikati ya masika. Huko uliko, niombee mvua.

Pumzika, baba. Na siku ukitaka kucheka, vuta tu. Nitageuka.

Ni mimi, binti yako wa upande wa pili wa kamba,

Tekla