Kikohozi cha Paka

Kwako kaka,

Huku tunaendelea, na paa la jikoni halivuji tena. Mchezo wa simu uliouwekea sauti umetufikia, ule wa paka wa katuni ya utotoni mwetu. Mwanangu anashinda akimrukisha mapaa.

Ila jana paka alianguka shimoni, akakohoa. Kaka, kile ni kikohozi cha baba! Ulimwekea simu kifuani ukamwambia, “Kohoa tena, mzee, narekodi nimpelekee daktari.” Akajikamua, maskini, akakukoholea. Dawa tunangoja mpaka leo.

Baba alikuwa hapo hapo kitini. Hakukitambua kikohozi chake. Alicheka, kisha akamwambia mjukuu wake, “Huyo paka wako anaumwa kweli. Mpelekeni kwa daktari.”

Ni mimi,
dada yako.